Arusi Zetu na Maua Yasiyonyauka

Kwa miaka mingi sasa, sisi tunaoalikwa kwenye arusi mu Bukavu, na mara nyingine Kabare, Walungu ao Kalehe, tunaingia mu ukumbi ule ule. Majina ya familia yanabadilika, padiri ao mchungaji anabadilika, lakini ukumbi haubadiliki: vitambaa vyeupe vimefungwa kwenye dari, viti vimevikwa nguo kama watoto wa ubatizo, kuko baluni, kuko taa ndogo ndogo za rangi, na juu ya kila meza kuko chombo cha kioo chenye maua ya waridi ya plastiki. Mwaka mmoja waridi lilikuwa jekundu, mwaka uliofuata rangi ya zambarau, kisha ikafika zamu ya dhahabu. Wenyewe wanaita kazi hiyo dekorasio, na wazazi wanalipa.

Hatuandiki haya kwa kuchukia wapambaji. Wengi wao ni vijana wetu, kuko hata ambao tuliwafundisha darasani, na hiyo kazi wamejitafutia wenyewe mahali ambapo kazi hakuna. Tunataka tu kuyafanyia mapambo ya arusi kile tunachofanyia shairi mbele ya wanafunzi: kuuliza linasema nini, linasema na nani, na kama linasema vizuri. Kwa maana mapambo ni maneno. Familia mbili zinapoketi pamoja, macho ya wageni yanazunguka na kusoma.

Zamani katika Bushi hakuna mtu aliyesema neno dekorasio, na hata hivyo kiwanja cha arusi kilisomwa. Ng'ombe za mahari zilipita mbele ya macho ya wote. Vibuyu vya kasiksi vilipangwa, na mzee aliyeingia alivihesabu bila kuinua kidole. Vitunga vilifika juu ya vichwa vya wamama, vikifunikwa kwa majani ya migomba, na kila mtu alielewa kwamba shamba la upande ule lina ndizi, mtama ulivunwa, wakwe hawakuja mikono mitupu. Na tuangalie vizuri jambo hili: kile kilichoonekana, ndicho kilichonywewa na kuliwa. Uzuri na karamu vilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyeleta kitu cha kuangaliwa tu kisha akakirudisha mu gari jioni.

Sasa hebu tulisome waridi la plastiki. Limetoka kiwandani China, limepita Dubai ao Kampala, limefika kwetu ndani ya karto, na limekodishwa. Jumamosi iliyopita lilikuwa kwenye arusi ya watu wengine, na Jumamosi ijayo litakuwa kwa wengine tena. Halisemi kwamba bibi-arusi ametoka Katana ao Burhale, halisemi kwamba ni mwezi wa pili ao wa nane. Linasema neno moja tu, kwamba mtu fulani amelipa. Neno hilo haliko baya, lakini ni fupi sana kwa siku kubwa namna ile.

Wapambaji wanatujibu, na jibu lao halistahili kuchekwa. Wanasema maua ya kweli yananyauka mbele ya keki kukatwa. Wanasema plastiki inatumika mara makumi, na mteja anaona bei ni nafuu. Zaidi ya yote wanasema: ninyi mnaoa mwezi wa saba na wa nane, wakati vilima vimekauka, mnataka tutoe maua wapi? Hapo wamegusa penyewe. Kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa na inakwisha mwezi wa tano. Arusi zinakimbilia kiangazi kwa sababu zinazojulikana: masomo yamefungwa, barabara za matope zinapitika, wajomba wa mbali wanapata nafasi ya kuja. Basi, swali la kweli si kama tunapenda maua ya kweli ao hapana. Swali ni kama tunajua kiangazi chetu kina nini.

Sisi tunaona kina mengi. Kwanza kuko arumu, lile ua jeupe lililokunjwa kama karatasi ya mwenye kuuza karanga, linaloota lenyewe mu mabonde yenye maji. Asili yake ni Afrika ya Kusini, lakini limezoea baridi ya milima yetu hata watoto wanalifikiri ni la kwetu tangu uumbaji. Mahali ambapo bonde halikauki, unalipata hata mu kiangazi. Linasimama ndani ya maji siku nyingi bila kulegea. Jambo moja tu: utomvu wake unawasha kinywani, kwa hiyo lisiwekwe karibu na sahani za chakula, na watoto wasiachwe walichezee.

Kisha kuko ile miti midogo ya nyua zetu inayogeuza majani yake ya juu kuwa mekundu kabisa kuanzia mwezi wa sita, ile ambayo mu Ulaya wanaiuza ndani ya vyungu kwa Noeli. Wengi walijaribu kuitumia wakaiacha, kwa vile inalegea mara moja. Inalegea sababu maziwa yake meupe yanatoka yote. Ukikata tawi, pitisha ncha yake juu ya moto kidogo ao uichovye mu maji ya moto, maziwa yanaziba, kisha liweke mu maji baridi usiku kucha. Kesho yake litasimama kama askari. Bugenvilea nayo inapenda jua la kiangazi. Haidumu sana mu chombo, lakini ikizungushwa mlangoni asubuhi ya siku yenyewe, inafika mpaka jioni. Lile ua la njano la kwenye nyua za mashamba, lenye sura ya alizeti ndogo, linajaa mvua zinapokwisha. Hilo tunalipenda kwa macho, lakini kwa kazi ya meza ni dhaifu, libaki uani.

Lakini tukisema kweli, nguvu ya kiangazi haiko mu maua, iko mu mavuno. Mtama uliopandwa mwanzoni mwa mwaka unavunwa mwezi wa sita na wa saba. Masuke yake mekundu-kahawia, yakifungwa kumi na tano ao makumi mawili kwa kamba ya mgomba, yanashinda waridi lolote la dukani, na hayahitaji hata tone la maji. Maharagi yaliyokauka, ya madoadoa, ya zambarau, ya njano, yakijazwa ndani ya kibuyu kilichokatwa, yanashikilia mashina vizuri kuliko mchanga. Kuko mikungu ya ndizi, mibichi na iliyoiva. Kuko mananasi ya Idjwi yanayovuka ziwa kwa mashua na kunukisha bandari nzima. Kuko nyanya za mti, marakuja, maboga, mahindi ya kufungwa pamoja na maganda yake. Tulialikwa siku moja kwenye arusi upande wa Walungu ambapo wamama wa ukoo, bila mpambaji hata mmoja, waliweka mbele ya maarusi mkungu mmoja mkubwa wa ndizi, masuke ya mtama pande mbili, na arumu saba ndani ya kibuyu. Ni hivyo tu. Wageni walinyamaza walipoingia. Mu ukumbi wa baluni hatujaona watu wananyamaza.

Inaomba tuseme kitu juu ya mgomba, kwa sababu hapo ndipo wapambaji wetu wanakosa mwalimu. Wanaotumia maua ya kweli wanachoma mashina mu sponji ya kijani inayotoka ngambo. Sponji hiyo ilibuniwa Marekani mwaka 1954. Inanywa maji vizuri, ni kweli, lakini haiozi. Inavunjika kuwa unga mdogo sana wa plastiki, na kwetu kila kinachomwagwa kinateremka ziwani. Wakati ule ule, nyuma ya nyumba, shina la mgomba linaoza bure. Mgomba unazaa mara moja tu. Mkungu ukiisha kukatwa, shina nalo linakatwa ili watoto wake wapate nafasi. Shina hilo ndani yake limejaa vyumba vidogo vidogo vya maji. Unakata kipande cha urefu wa mkono, unakichonga upande wa chini kisibingirike, unatoboa matundu kwa kijiti chenye ncha, unachoma maua yako. Yanakunywa kutoka humo humo siku moja, hata mbili.

Kuko masharti mawili. La kwanza ni utomvu. Kila mtoto wa shambani anajua alama ya kahawia ya mgomba kwenye shati: sabuni haiitoi. Karibu na gauni jeupe la bibi-arusi, hiyo ni hatari kubwa kuliko mvua. Basi shina likatwe jana yake, lisimamishwe lichuruzike usiku, na kesho liwekwe juu ya majani mazima ya mgomba, si juu ya kitambaa moja kwa moja.

La pili ni zito zaidi, na tunaomba wasomaji wetu walichukue kwa makini. Ule ugonjwa wa bakteria unaonyausha migomba ulionekana kwa mara ya kwanza mu inchi yetu mwaka 2001, upande wa Masisi katika Kivu ya Kaskazini, na kutoka huko umeshuka mpaka mashamba ya Kivu ya Kusini. Majani yanakuwa ya njano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukikata shina unaona maji mazito ya njano yanatoka. Ugonjwa huu unasafiri na panga. Mpambaji anayezunguka kukata mgomba kwa huyu, kisha kwa yule, kwa panga lile lile, anaweza kuharibu mashamba ya kijiji kizima kwa ajili ya saa tano za furaha. Panga lipitishwe mu moto ao lioshwe na javeli kila unapotoka shamba moja kuingia lingine, na shamba lenye dalili lisiguswe kabisa. Tunasikitika pia kuona migomba michanga, ambayo haijazaa bado, inakatwa mizima ili isimamishwe kwenye mlango. Huo ni mkungu wa watu uliouawa. Mgomba uliokwisha kuzaa bado una majani. Huo ndio wa mlangoni.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana kuko dekorasio nyingine ambayo inatukera zaidi kuliko plastiki: ile inayoitwa ya kiasili. Tangu siku ya mahari ilipoanza kufanyiwa ukumbini, tunaona nyuma ya maarusi mkuki, ngoma, kitambaa chenye madoa ya chui, kibuyu kitupu kilichopakwa varnishi, na wakati mwingine kinyago. Kinyago cha nani? Warega wana vinyago vya bwami, na vina wenyewe, vina daraja na wakati wake. Havikufanywa vitundikwe juu ya keki ya Mushi. Kile kitunga chenye kifuniko kirefu cha ncha, agaseke, ni cha majirani zetu wa ngambo ya Ruzizi, ambao wamekiweka hata kwenye alama ya taifa lao mwaka 2001. Kwao kinafika kwenye arusi na kitu ndani. Kwetu kinakodishwa kitupu, sita kwa bei ya tano. Kibuyu kisicho na pombe ni kama kitabu chenye jalada tu. Plastiki angalau haidanganyi, inajulikana ni plastiki. Kibuyu kitupu kinajifanya kusema lugha ya wababu zetu, kumbe kinatamka herufi bila maneno.

Majani nayo yana lugha, na si kila mahali lugha moja. Matawi ya mungazi yaliyosimamishwa kwenye mlango, Kinshasa na katika miji mingi ya inchi, yanatangaza kilio: mpita njia anaona na kushusha sauti. Mahali pengine matawi hayo hayo yanapokea mkubwa ao maarusi. Leo watoto wetu wanaoana na watu wa majimbo yote. Je, mpambaji aliuliza familia ya bwana-arusi inatoka wapi mbele ya kupanda mangazi mistari miwili kama kwa matanga? Vivyo hivyo kwa ule mti wa miiba unaotoa maua mekundu kiangazini, matawi yakiwa bila majani. Ni mzuri mno, na tunaelewa tamaa ya kuukata. Lakini katika Rwanda mti huo, umuko, ni mti wa Ryangombe, na Lyangombe anajulikana mpaka Bushi. Kuko wazee ambao hawatapenda kuuona juu ya meza ya kanisa, na kuko wachungaji ambao hawatapenda zaidi. Hatusemi usitumiwe. Tunasema mtu aulize kwanza.

Tena, wasipande Kahuzi kutafuta mianzi na majani ya porini. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikaingia mu orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko mu orodha ya urithi ulio hatarini. Imeumizwa vya kutosha na makaa. Mikaratusi na mianzi iliyopandwa uani inatosha kwa arusi zote.

Tunasikia sauti ya mzee mmoja hapo nyuma: chakula si cha kuchezea. Anatuuliza kama hatuoni aibu kupamba kwa ndizi na mtama mu mji ambapo kuko nyumba zinazopika mara moja kwa siku. Mwaka 2025, benki zilipofungwa Goma na Bukavu, tuliona walimu wenzetu wanatafuta mshahara wao kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Swali lake ni la haki, na kwetu ndilo swali kubwa kuliko yote. Tumeona mananasi yaliyopuliziwa rangi ya dhahabu, tumeona matofaa yaliyotobolewa kwa waya, maboga yaliyomwagiwa unga unaometameta, na kesho yake vyote mu shimo la takataka. Hapo mzee ana haki kabisa, na sisi tuko upande wake. Tunda lililopakwa rangi limekuwa plastiki mbaya kuliko plastiki.

Lakini mkungu ambao haukupakwa kitu, uliokaa mbele ya watu saa sita, ukapewa shangazi wa bibi-arusi jioni ile ile, umemkosea nani? Umefanya kile vitunga vilivyofanya tangu zamani. Sharti letu kwa hiyo ni moja, na tunalisema kwa ukali wa kutosha: hakuna zao linaloingia ukumbini bila kujulikana mbele ya arusi nani atalibeba. Mananasi ya meza hii kwa wapishi, ndizi za mlangoni kwa majirani waliosumbuliwa na muziki, mtama urudi kwa mama aliyeuleta, maana anaweza bado kuutwanga ao kuufanya pombe. Maharagi ya vibuyu yanarudi mu sufuria yakiwa salama. Msimamizi wa sherehe atangaze, kama vile anavyotangaza bahasha.

Juu ya makuta hatutasema mengi, kila mtu ajihesabie. Fedha ya kukodisha plastiki inabaki kwa mwenye karto, na sehemu yake ilikwisha kuvuka mpaka siku karto iliponunuliwa. Hata waridi la kweli linalopitia Uganda ao Rwanda, ao lililolimwa Naivasha kule Kenya kwa ajili ya soko la Ulaya, linatoa fedha mu mji. Fedha ya arumu, ndizi na mtama inapanda kilima na mama anayeteremka kutoka Kabare alfajiri, mzigo umefungwa kwenye paji la uso, kwenda Kadutu ao Nyawera. Mama huyo hauzi maua. Hakuna aliyemwambia kwamba maua ya bonde lake yana mnunuzi. Mpambaji ambaye angekubaliana naye wiki tatu mbele, na kumpa nusu ya bei, angekuwa na maua mapya, na mama angekuwa na ada ya shule. Tunajua vijana wawili watatu walioanza namna hiyo mu kartié yetu. Kazi yao bado haijakomaa: wanajaza mno, wanachanganya rangi saba ambapo mbili zingetosha, na wanaogopa kuacha nafasi tupu. Lakini ukiingia unajua uko Bukavu, na unajua ni mwezi gani.

Kwa familia zenye arusi ya mwezi wa saba zijazo na hata kipande cha uwanja tu, zinia na kosmosi zikipandwa katikati ya mwezi wa tano, mvua za mwisho zinaziotesha, na katikati ya mwezi wa saba zimechanua. Zinaomba ndoo moja ya maji jioni. Maji ya kunawia mikono yanatosha, yasiwe na sabuni nyingi. Zikatwe asubuhi mapema, majani ya chini yatolewe, na zikae kivulini ndani ya ndoo mpaka saa ya kupanga meza.